Polisi wa huku mafuta wanayo, risasi ndo zilikuwa hakuna

Wabongo wenzangu mgongo umekatika. Jumamosi nimemsaidia jirani yangu kuhama, mzee wa kizungu mstaafu, mtu mzuri tu, mwaka wa kwanza nilipofika hapa Marekani, Kansas City upande wa Missouri, ndo alinionyesha namna ya kusukuma theluji bila kujiua, kwahiyo alivyoomba msaada nikasema naja mzee. Masofa tumetoa, friji tumetoa, nikajua kazi imeisha. Kumbe bado gereji. Kafungua kabati, maboksi kutoka chini mpaka juu, nashika la kwanza nikidhani vitabu, halinyanyuki. Risasi. Za bastola, za bunduki, zile ndogo za kuwindia sungura, zote zimo. Boksi la risasi 1,000 za bastola ya kawaida lina kama kilo 12, sasa zidisha mara 30 na ushee, mtoto wa Mbagala niliyekua nikibeba viroba vya sembe nikaona nyota mchana kweupe.

Nikamuuliza mzee kuna vita gani inakuja? Akacheka. Akasema hakuna vita, nimechoka kukosa.

Kukosa! Nchi ambayo bunduki zinasemekana ni nyingi kuliko watu, mzee anaongea risasi kama mama yangu anavyoongea maji ya bomba, yakitoka jaza kila ndoo hujui yatarudi lini.

Na kweli zimewahi kuadimika, tena sio mara moja. Baada ya yale mauaji ya watoto wa shule kule Newtown Disemba 2012, watu wakaogopa serikali itabana bunduki, wakakomba maduka, mpaka zile risasi za .22 ambazo ndo za bei chee kabisa zikawa dili, watu wazima na mvi zao wanapanga foleni alfajiri duka halijafunguliwa. Ikaja 2020, korona, maandamano baada ya George Floyd kuuawa na polisi, na uchaguzi juu yake, kila mtu akataka bastola. Mwaka ule FBI walifanya ukaguzi wa waombaji wa bunduki na vibali karibu milioni 40, haijawahi kutokea. Boksi la risasi 50 lililokuwa linauzwa kama dola 10 likafika 40, na dukani mwisho maboksi mawili kwa kichwa. Remington, kampuni ya bunduki na risasi ya zaidi ya miaka 200, ikaomba kufilisika Julai 2020, yaani wateja wanalia mlangoni na mwenye duka anafunga. Na kiwanda cha jeshi cha Lake City kiko hapohapo Independence, mji wa jirani, kwa gari haifiki nusu saa, kinatema risasi tangu vita kuu ya pili. Mzee anasema alikuwa anapita nje ya uzio akienda kwa binti yake na nyumbani hana hata boksi moja. Nikamwambia mzee hiyo kwetu tunaijua, huyo ni mtu wa Kilombero anaangalia miwa dirishani na chai anakunywa bila sukari. Hakuelewa. Ikabidi nianze kumsimulia sukari ilivyoadimika kwetu mwanzoni mwa 2024, dereva wa lori anatusubiri.

Kwanini wasitengeneze nyingi? Nilijua shaba imeisha, wapi. Kinachokwamisha ni kale kadude kwenye kitako cha risasi kanakowasha baruti, wanakaita praima. Kampuni kubwa za humu ndani zinazokatengeneza unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vinabaki, na mtambo wake sio tanuri la mikate useme kesho naongeza la pili. Halafu wenye viwanda waoga, wanajua hofu ikiisha soko linalala, lilishalala baada ya uchaguzi wa 2016, wakabaki na mzigo.

Basi hayo yote ningeyasahau kama sio mkwe wake mzee. Kijana ni polisi kwenye kamji fulani kadogo, alikuja na pikapu. Anasema nao walikosa. Oda walitoa wakasubiri miezi, wakapunguza mazoezi ya shabaha ili za kazini zisiguswe. Na mkuu wao akaenda kwenye kikao cha halmashauri akalisema hadharani, kwamba bajeti ya risasi imeliwa na bei. Wananchi wamekaa pale, na bibi mmoja kanyoosha mkono kauliza polisi mmoja anapiga risasi ngapi kwa mwaka huko mazoezini.

Akajibiwa. Kwa namba.

Hapo ndo boksi likataka kunidondokea mguuni. Jaribu wewe kumuuliza OCD wako, mkuu wa polisi wa wilaya, swali hilo. Kabla hujamaliza utaulizwa wewe nani, unaishi wapi, nani kakutuma. Sisi tunachokijua kuhusu polisi wetu ni mafuta. Mimi nimewahi kuibiwa, nikaenda kituoni (sikitaji), gari lipo, dereva yupo, mafuta ndo hakuna, nikachangia, na karatasi ya maelezo nikaifuata stationari ng'ambo ya barabara. Huku gari tenki limejaa, AC inapuliza, risasi ndo hakuna! Nimecheka peke yangu kwenye gereji ya watu.

Na sio kamji kadogo tu kanakojibu. 2013 uvumi ulienea kwamba serikali yao ndo inazinunua zote kupitia Wizara ya Usalama wa Ndani ili raia wakose. Mkaguzi wa Bunge lao akakagua manunuzi na stoo, ripoti ikatoka 2014: wizara ilinunua risasi milioni 84 mwaka wa fedha 2013, chini ya wastani wa milioni 109 wa miaka ya nyuma, na stoo zilikuwepo kama milioni 159. Mtu yeyote anasoma, hata mimi mbeba maboksi. CAG wetu, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, nampenda, vitabu vyake tunavisubiri kila mwaka kama matokeo ya form four, ila hiyo kurasa sijawahi kuiona.

Haya najua mmeshaanza kuandika. "Kashakuwa mzungu huyo." "Si urudi uje urekebishe." Ndugu yangu mimi nafanya shifti ya usiku kwenye ghala, uzungu utanitoka wapi. Na wala sisemi huku ni peponi, nchi ambayo mzee wa watu anaweka kilo mia tatu na kitu za risasi gereji sababu jirani nae kaweka, na jirani kaweka sababu ya yeye, hao ni wagonjwa wenzetu, wanalangua hofu tu. Nimekaa Mbagala miaka 27 sijaona bunduki nyumba ya jirani hata moja. Mwizi akija tunapiga yowe. (Ndio, na yowe lenyewe linaishia wapi tunajua, sijasema ni zuri.)

Mwingine atasema idadi ya risasi ni siri ya usalama, adui atajua. Adui yupi? Adui wa mwezi Oktoba 2025, siku za uchaguzi wetu? Sitaki kuingia huko, mliokuwepo mnajua kuliko mimi niliyekaa na simu siku kadhaa natuma meseji kwa mama inabaki tiki moja. Ila nikimsikia bibi wa watu anauliza "ngapi" na anajibiwa, mniwie radhi, wivu unanipata, na sio wivu wa magari.

Halafu siri gani, sisi stoo tulishafunguliwa milango siku nyingi. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu ya ghala la jeshi Mbagala yalianza kulipuka mchana, nimekimbia na kandambili moja mpaka Kurasini, mama na mdogo wangu tumewapata usiku. Tukaambiwa haitatokea tena. Februari 2011 Gongo la Mboto ikatokea tena. Hizo ndo hesabu za silaha tulizowahi kupewa, tumezihesabia kwenye mapaa.

Jana nimempigia mama video, nikamwonyesha. Maana mzee kwa shukrani kanipa boksi moja la 50, na mimi bunduki sina wala sina mpango, ila kukataa ningemvunja moyo, kwake ni kama kunipa mbuzi.

"Mwanangu hizo nini?"

"Risasi mama, zawadi."

"Na moto ukiwaka?"

Nikamweleza kama mzee alivyonieleza, risasi ikiungua nje ya bunduki inapasuka kama fataki, sio kama yale ya Mbagala. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema hata yale tuliambiwa yametunzwa vizuri. Boksi liko juu ya friji, pembeni ya sembe. Kasema nisimpigie video tena mpaka litoke.