Asubuhi ya Mvuvi wa Dagaa ni Saa Ngapi?

Ukizungumza na wahudumu wa kliniki za kisukari hapa Mwanza, utasikia lalamiko lilelile: wagonjwa wanafundishwa, wanaitikia, mwezi ujao wanarudi sukari iko juu vilevile. Si uongo. Wapo wanaoacha dozi wakishajisikia nafuu, na wapo wanaoweka vidonge kando kwa ajili ya chupa ya mitishamba. Muuguzi naye, foleni ikiwa imefika nje ya mlango, hana nusu saa ya kumpa kila mtu. Yote hayo nayakubali. Ninapokataa ni pale wanaposema mgonjwa ana uelewa mdogo, kisha wakaishia hapo.

Tazama bahasha ya dawa. Imeandikwa "1x2", na kwa mdomo anaambiwa: kimoja asubuhi, kimoja jioni, pamoja na chakula. Sasa mwenye bahasha ni mvuvi wa dagaa wa Igombe au Ukerewe. Yeye huvua usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka ndipo hukaa nyumbani. Basi ndani ya mwezi mmoja ana siku za kuishi usiku na siku za kuishi mchana. Asubuhi kwake ni saa ya kulala. Jioni ni saa ya kusukuma mtumbwi, pengine na kikombe cha chai tu tumboni.

Kama dawa ni metformini, huenda tumbo likamsumbua. Glibenklamaidi ni habari nyingine, kwa sababu huisukuma kongosho itoe insulini, ile homoni inayoshusha sukari, hata kama mtu hajala. Saa sita usiku, katikati ya kuvuta wavu, sukari inaporomoka chini ya 3.9 (mmol/L). Jasho linamtoka kwenye upepo wa baridi, mikono inatetemeka, maneno yanampotea. Wenzake watadhani amelewa, watamlaza apumzike, kumbe alihitaji soda au sukari palepale. Na yuko juu ya maji. Akinusurika, atafanya nini? Ataacha kidonge cha jioni. Kliniki itasema hafuati dozi. Mimi namwona mtu aliyefundishwa na mwili wake jambo ambalo hakuna aliyemwambia.

Namba nazo ni hivyohivyo. Mashine moja ya kupima sukari inampa 7, ya duka la dawa inampa 126, anarudi nyumbani na hofu. Ni kiwango kilekile cha sukari, ila ya kwanza inasoma kwa mmol/L, ya pili kwa mg/dL. Ukizidisha 7 kwa 18 unapata 126. Na ushauri wa "acha ugali", kwa nyumba inayokula ugali wa udaga, yaani wa muhogo mkavu, kila siku, ni sawa na kumwambia asile. Mwambie apunguze tonge, aongeze mboga na samaki, atakuelewa.

Elimu inahitajika, tena sana. Mgonjwa asiyejua dalili za sukari kushuka yuko hatarini popote alipo. Ila somo hilo lianze na swali moja: unafanya kazi saa ngapi, na unakula saa ngapi? Halimalizi hata dakika, hata kwa foleni ile. Kwa jibu lake daktari anaweza kuhamisha saa ya dozi au kubadilisha dawa yenyewe, na mvuvi akaambiwa asipande mtumbwi bila sukari mfukoni, na wanaovua naye wajue ni ya nini.