Nani Anajua Kuogelea?

Asubuhi ya bamvua, siku zile maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida, pale Mlingotini, kijiji cha pwani ya Bagamoyo, maji yakishatoka, mistari ya vijiti vya mwani inaonekana mpaka mbali, imenyooka kama mistari ya kichwa kilichosukwa. Kina mama wameinama, maji yako vifundoni, wanafungua taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, moja moja. Shina lililogeuka jeupe linatupwa, zima linafungwa mahali pake. Mimi nilikuwa pembeni na daftari, viatu mkononi. Nafundisha takwimu chuoni, nyumbani ni Bagamoyo mjini, na siku ile nilikokotwa na mwenzangu wa idara ya baiolojia aliyetaka mtu wa kumhesabia kamba za mwani.

Mwenzangu alikuja na jibu kabisa. Kotonii, mwani wenye bei, hauvumilii joto. Maji ya kina kifupi yakipata moto, shina linapauka, linakatika, linakwenda na mkondo. Ndiyo maana wakulima wengi wa pwani yetu wamebaki na spinosamu, aina nyingine ya mwani, ambayo ni sugu zaidi lakini bei yake haifiki mbali. Basi tusogee kwenye kina, akasema, kwenye maji ya baridi kidogo, tufunge mwani kwenye maboya. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili chepesi, hata mimi nikaelewa. Mama mmoja wa makamo alimsikiliza mpaka mwisho, mikono haijasimama, kisha akauliza bila kuinua kichwa:

"Sasa mwanangu, huko kwenye kina, sisi hapa nani anajua kuogelea?"

Wenzake waliangua kicheko. Sisi wawili tuliangaliana.

Nimekuwa nikilizungusha swali lile kichwani tangu siku hiyo, maana halina mwenyewe pale chuoni kwetu. Mwenzangu wa baiolojia, si lake. Mimi wa takwimu, si langu. Kwa nini mtoto wa kiume wa pwani anaogelea kama samaki na dada yake anaishia kulowesha ncha za kanga, hilo ni la watu wa sosholojia. Mtumbwi ni wa nani, anaukodisha kwa kiasi gani, na akishaukodisha faida ya kotonii inabaki kwa nani, hilo ni la mchumi. Na kilimo kikihamia kwenye kina, kikaanza kudai chombo na nguvu za kupiga kasia, kitabaki kuwa kazi ya wanawake, au waume zao watakigundua ghafla? Hapo sijui hata nimwite nani. Wa sheria, pengine.

Watu husema walimu wa vyuo hawashirikiani kwa sababu ya majivuno, kila mtu anatamba kwenye kijiji chake. Majivuno yapo, sikatai. Nimeshakaa kwenye kikao ambapo watu wawili wenye shahada za uzamivu waligombana saa nzima kuhusu nani ana haki ya kufundisha mbinu za utafiti. Lakini kwa niliyoyaona, majivuno ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni fomu.

Tuliporudi chuoni tulimtafuta mwenzetu wa sosholojia. Alikubali siku hiyohiyo, kwa furaha, tukapanga mpaka chai. Kisha tukaanza kujaza karatasi. Fomu ya mradi ina kisanduku kimoja cha idara. Fomu ya kupanda cheo inagawa alama za makala kwa idadi ya waandishi, kwa hiyo mtu anayeandika peke yake kuhusu kitu kidogo anapanda ngazi kabla ya watatu walioandika pamoja kuhusu kitu kikubwa. Tulipotaka kufundisha kozi moja watu wawili, yaani wanafunzi wangu wa takwimu na wale wa baiolojia wakae chumba kimoja na data ya kweli ya mwani, tuliambiwa saa tatu za wiki tugawane nusu kwa nusu. Anayejua kazi hii anajua kwamba kufundisha wawili hakupunguzi kazi. Unaandaa somo lako, unasoma la mwenzako usije ukaaibika mbele ya wanafunzi, mnatunga mtihani pamoja, mnabishana kwenye usahihishaji. Saa zinaongezeka, karatasi inasema zimepungua.

Na kuna mwezi. Bamvua inafuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ratiba ya muhula inafuata Jumanne saa nne. Kila tulipopanga kupeleka wanafunzi, maji yalikuwa yamejaa na kina mama wako majumbani. Mwenzangu aliomba ruhusa ya kuhamisha vipindi kulingana na maji. Alijibiwa kwa barua, kwa heshima zote, kwamba utaratibu huo haupo.

Sidai kwamba kila kuchanganyika kuna maana. Zile warsha za vitivo vyote, soda mbili na picha ya pamoja, zimeniishia hamu. Tena tuna mfano wa nyumbani wa jambo jema lililogeuka. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, walimu wa fani mbalimbali walifundisha kozi moja ya pamoja kuhusu jamii ya Afrika Mashariki, ili mwanasheria na mchumi wasikie mjadala mmoja. Mwaka 1973 ikaundwa taasisi nzima ya taaluma za maendeleo, na somo lake, DS, yaani Development Studies, likawa la lazima kwa kila mwanafunzi. Waliopita pale wanalijua. Wapo wanaolisifu mpaka leo, na wapo waliokariri wakafaulu. Linalonishughulisha ni kwamba kitu kilichoanza kwa kuvuka kuta kilijengewa kuta zake, kikawa na walimu wake na ofisi zake, na wengine tukapumua: hayo ya jamii yana wenyewe.

Nauamini zaidi ushirikiano unaoanzia kwenye tatizo. Hapa Bagamoyo tumeuona. Majaribio makubwa ya chanjo ya malaria, RTS,S, yaliyoanza mwaka 2009, yalifanyika hapa na Korogwe pia, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo kwa watoto. Kazi ile isingesogea kwa madaktari peke yao. Kulihitajika watu wa maabara, watu wa hesabu, na watu wa kukaa kwenye mkeka wakamweleza mama nini kinaingia kwenye paja la mwanawe. Hakuna aliyeuliza damu ile ni ya idara gani.

Na mji wetu ni mdogo. Mbegani wanafundisha uvuvi. TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, wanafundisha ngoma na maigizo. Kutoka pale kwenda Mlingotini bodaboda haichukui muda. Mimi ningemtaka mtu wa maigizo kwenye mradi wetu kabla ya mchumi, na sitanii. Miaka ya 1980 Penina Muhando na Amandina Lihamba, waandishi wa tamthilia na walimu wa Mlimani, walipeleka sanaa za maonyesho vijijini, wanakijiji wakaigiza wenyewe matatizo yao wakayajadili. Hojaji yangu ya maswali arobaini haikuuliza popote kuhusu kuogelea. Igizo la dakika kumi lingelitoa hadharani siku ya kwanza.

Kwa hiyo siombi warsha. Naomba fomu ya kupanda cheo imhesabie kila mwandishi makala nzima pale idara zinapotofautiana. Kozi ya walimu wawili iandikwe majina mawili na saa kamili kwa kila mmoja. Na mwalimu anayefundishia baharini aruhusiwe kufuata mwezi.

Andiko letu la pili la mradi liko mezani kwa mkuu wa idara tangu Ramadhani. Kisanduku cha idara ni kilekile kimoja. Tumeandika tatu, kwa peni ya bluu, mbili zimetoka nje ya mstari.