Kufumua Kwanza, Maua Baadaye

Kila ifikapo Juni, asubuhi za Kasulu zinapoanza kuuma, wasichana huja barazani kwangu na mabunda ya nyuzi, wanataka kufuma sweta. Wengi wanataka kuanzia kwenye misuko, zile kamba zinazopishana kifuani. Nawakatalia. Wapo mafundi wenzangu wanaosema mwanafunzi apewe ua zuri, yaani nakshi ya kufuma, mapema ili apate hamu. Mimi nimeona hamu hiyo ikifa safu ya nane: binti amekariri ua, amekosea mahali, hajui ni wapi, na kazi inaishia kwenye mfuko wa rambo chini ya kitanda.

Kwangu siku ya kwanza ni vitanzi ishirini na sindano mbili. Spoku za baiskeli zilizosuguliwa ncha zinatosha, nami nilianzia hizo. Tunafuma mshono wa mbele tu: uzi unakaa nyuma, sindano inaingia kwenye kitanzi kutoka mbele, unazungusha uzi, unavuta. Safu kumi. Kisha namwambia afumue zote, polepole, akitazama kila kitanzi kinavyotoka ndani ya mwenzake. Wengine hununa. Lakini hapo ndipo anapoona kwamba kitambaa kizima ni uzi mmoja.

Mshono wa nyuma ni ule ule ukitazamwa kwa upande wa pili. Uzi unakuja mbele, sindano inaingia kutoka kulia kwenda kushoto. Mshono wa mbele unaacha alama kama herufi V, wa nyuma unaacha kinundu kama punje ya ulezi. Anayezitambua alama hizo mbili anaweza kusoma sweta lolote la mtumba sokoni. Mbili mbele, mbili nyuma, na safu ya juu ikifuata ya chini, unapata mistari inayovutika ya mkononi na kiunoni. Ukipishanisha moja moja, V ikakaa juu ya kinundu, unapata ulezi uliomwagwa mkekani. Safu moja mbele na moja nyuma unapata kitambaa laini, ila pembeni kinajikunja. Si kosa la mfumaji, ndivyo kilivyo.

Matundu ya maua nayo yana hesabu yake: kila ukitupia uzi juu ya sindano kuongeza kitanzi, mahali pengine ufume viwili pamoja, la sivyo sweta litapanuka. Na msuko? Chukua vitanzi sita, vitatu vya kwanza viweke kwenye sindano ya tatu, fuma vitatu vinavyofuata, ndipo uvirudie. Ukivishikilia mbele, kamba inalalia kushoto. Nyuma, inalalia kulia. Msuko hubana kitambaa, kwa hiyo anza na vitanzi vingi zaidi.

Nasisitiza hivi kwa sababu nilijifunza kwa uchungu. Sweta langu la kwanza la mtoto lilidondosha kitanzi mgongoni, nikaficha kwa fundo. Lilipofuliwa mara mbili, fundo liliachia na vitanzi vikafumuka kimoja chini ya kingine, ngazi ikashuka hadi chini. Bibi jirani alilishika, akaniuliza, "Mwanangu, hukuiona ngazi?" Akachukua sindano ya kroshia, ile yenye ndoano, akakipandisha kile kitanzi kipago kwa kipago hadi juu, bila kufumua chochote. Sikuiona kwa sababu hakuna aliyenifundisha kutazama.

Juzi binti mmoja wa kidato cha pili, aliyenuna sana siku ile ya kwanza, alisimama katikati ya safu. "Shikamoo mwalimu, msuko huu nimeushikilia nyuma, ilitakiwa mbele." Hata sijaitikia vizuri, ameshachomoa sindano na kufumua safu nne, midomo ikihesabu. Akavirudisha vitanzi vyote, kimoja kimoja, hakuna kilichodondoka. Sweta lenyewe bado halijafika kwapani.