Ubongo wa Kichanga Hauji Mtupu

Wanaosema kwamba ubongo wa mtoto huzaliwa ukiwa tayari kupokea matamshi hueleweka vibaya, kana kwamba wanadai mtoto huzaliwa anajua lugha. Hawajasema hivyo. Wanasema kichanga hutenganisha sauti za matamshi kabla hajapata wa kumfundisha, na ushahidi wao ni mzito kuliko unavyochukuliwa.

Mwaka 2013 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya watoto njiti waliozaliwa kati ya wiki ya 28 na ya 32 ya ujauzito. Walisikilizishwa silabi ikirudiwarudiwa, kisha ikabadilishwa, “ba” ikawa “ga”, huku mwanga wa infraredi ukipima damu ubongoni. Ubongo uliitambua tofauti. Tena eneo la mbele upande wa kushoto liliitikia silabi ilipobadilika, lakini si pale sauti ya mwanamume ilipopokezana na ya mwanamke. Wiki ya 28! Mtoto huyo alikuwa bado na karibu miezi 3 ya kukaa tumboni, na tabaka za gamba la ubongo wake zilikuwa bado zinajengwa. Isitoshe, kinachoitenga “ba” na “ga” kimo zaidi katika masafa ya juu, ambayo mwili wa mama huyafifisha sana. Mazoea ya tumboni peke yake hayatoshi kulieleza jambo hili.

Upande wa pili nao una hoja. Mwaka 1975 watafiti Kuhl na Miller walionyesha kwamba chinchila, mnyama jamii ya panya, hutenga “ta” na “da” karibu kama binadamu; basi huenda huo ni uwezo wa sikio tu. Huko Finland, vichanga waliochezewa neno la kubuni “tatata” wakiwa tumboni walionyesha dalili za kulikumbuka walipozaliwa; basi huenda ni mazoea ya tumboni. Nayakubali yote mawili. Ila chinchila wale walifunzwa kwanza, njiti hakufunzwa.

Utayari huu una muda wake. Watafiti Werker na Tees walionyesha mwaka 1984 kwamba watoto wa familia za Kiingereza hutofautisha sauti za Kihindi wakiwa na miezi 6 hadi 8, na kufikia miezi 10 hadi 12 uwezo huo umeshafifia. Kwa hiyo nautetea mwongozo wa kupima usikivu kabla ya mwezi 1, kuthibitisha tatizo kabla ya miezi 3 na kuanza msaada kabla ya 6. Anayedhani kichanga hasikii cha maana atangoja mtoto achelewe kusema ndipo ampeleke kupimwa, na hapo mwaka mzima umeshapita.