Makofi matatu kwa wafalme waliokufa

Najua mmeshaona. Jamaa yangu kaniwahi, kaandika eti niliingia kucheza na wale wachezaji 64 wa tambiko pale Jongmyo, hekalu la wafalme wa zamani wa Korea, mjini Seoul. Uongo mtupu! Sikucheza. Nilipiga makofi tu, na mnisikilize vizuri, heri ningecheza.

Kinachoniuma ni kwamba mwalimu nilikuwa mimi. Njia nzima kwenye treni namsomesha: "Kaka, pale katikati kuna njia ya mawe iliyoinuka, ni ya mizimu, usiikanyage. Kaka, ukumbi mkuu una vyumba 19, ndani vibao 49 vya roho za wafalme na malkia. Kaka, wachezaji ni 8 kwa 8. Kwanza wanashika filimbi kushoto, fimbo yenye manyoya kulia, baadaye ndiyo panga na mikuki ya mbao." Yeye anapiga miayo.

Nikamwonyesha hata yule bwana wa joho la kijani mwenye bak: vipande 6 vya mbao vilivyofungwa kamba juu, anavitandaza halafu anavibana kwa kishindo. Pa moja, muziki unaanza. Pa tatu, umekwisha. Lishikeni hilo, maana ndilo lililonimaliza.

Divai ikamiminwa kwenye tundu la sakafuni kuita roho za ardhini, ubani ukapanda kuita za juu. Ikafika zamu ya kikombe cha kwanza cha divai kati ya vitatu wanavyotolewa wafalme, na Botaepyeong, muziki wa kusifu hekima ya wafalme, unaopigwa kwenye tambiko hili tangu 1464. Jamani, muziki ule unakwenda polepole! Unainamisha mwili, unausubiri unyanyuke, unasubiri tena. Jua la Mei utosini. Mwalimu nikasinzia.

Nikiwa huko huko usingizini nikasikia krrrr, chui milia wa mbao, ala ya kufungia muziki, anakwaruzwa mgongo wake wenye meno 27. Kisha: pa! Pa! Pa!

Waliosoma shule zetu za msingi mnajua kilichofuata. "Makofi matatu kwake!" Akili ilikuwa bado Seoul, mikono ishafika darasa la nne. Niliiona inapanda. Niliiona inaachana, viganja vimetanuka kama sahani. Uwanja kimya, hata kikohozi hakuna. PA! Mzee wa mbele akashtuka. Nikajua nimekosea, lakini mikono haikuwa na habari. PA! PA! Na ninyi mnajua makofi matatu yana la nyongeza. Nikalitoa.

Mnaoniambia "ungejifanya unaua mbu": nilijifanya. Mbu wanne?

Mhudumu akaja, nikainama, akainama, nikainama tena, yakaisha.

Vikombe viwili vilivyobaki nilivisikiliza nimekalia viganja. Na kila bwana wa kijani alipotandaza mbao zake, jamaa yangu ananisogelea sikioni: "Kaka, mwalimu, hii ni moja au tatu?"