Nishati ya giza: tusiharakishe kuizika namba ya Einstein

Tangu Machi 2025, yalipotangazwa matokeo ya DESI, chombo cha kupima umbali wa galaksi kilichofungwa kwenye darubini ya Kitt Peak huko Arizona, barazani kwetu Ngamiani, Tanga, inasemwa kwamba nishati ya giza, yaani kile kisichojulikana kinachodhaniwa kuusukuma ulimwengu utanuke kwa kasi zaidi, inadhoofika, na kwa hiyo waliotunukiwa Nobeli mwaka 2011 kwa kugundua kuwa ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka walikosea. Hitimisho hilo halimo katika matokeo yale. Ugunduzi wa 1998 haukanushwi na upande wowote; kinachobishaniwa ni kama nishati hiyo ni ile namba thabiti, yaani isiyobadilika, aliyoiandika Einstein katika milinganyo yake mwaka 1917, au ni kitu kinachobadilika.

Wanaosema inabadilika wana hoja. Matokeo hayo ya DESI yalitokana na galaksi na kwasa (viini ving'avu mno vya galaksi za mbali) karibu milioni 15, na namba thabiti yenyewe haijawahi kupata maelezo: wanafizikia wakikadiria nishati ya ombwe, yaani ya nafasi tupu, hupata kiasi kinachoweza kuzidi kilichopimwa kwa takriban tarakimu 120, yaani mara moja yenye sifuri 120 nyuma yake. Aibu hiyo siifichi.

Lakini tuzitazame sigma, kipimo cha uzito wa ushahidi. Vipimo vya DESI vikiunganishwa na mnururisho wa kale wa ulimwengu, yaani mwanga uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, namba thabiti inapingwa kwa sigma 3.1. Zikiongezwa supanova, yaani nyota zinazolipuka, jibu lilitegemea umechukua orodha gani: ya kwanza ilitoa 2.8, ya pili 3.8, ya tatu 4.2, ilhali desturi ya fani hii ni kungoja 5. Orodha hizo zina nyota nyingi za pamoja, na bado moja iliushusha ushahidi na nyingine ziliupandisha. Kwangu mimi hapo ndipo penye shaka. Anayesimama ufukweni Sahare usiku wa giza akazitazama karabai za wavuvi wa dagaa hujua kuwa iliyo hafifu iko mbali, mradi taa zote zina nguvu sawa na hakuna ukungu. Supanova ndizo karabai za wanaanga, lakini za karibu zilipimwa kwa darubini mbalimbali, kwa miaka mingi, na za mbali kwa darubini nyingine. Kosa la asilimia chache katika kuzioanisha linatosha kuonekana kama nishati iliyobadilika.

Kuna pia jambo ambalo vichwa vya habari vimeliruka. Mchoro unaolingana zaidi na data hizo hausemi tu kwamba nishati inapungua, bali kwamba zamani msongamano wake ulikuwa ukiongezeka kadiri ulimwengu unavyotanuka, kisha ukageuka. Nadharia za kawaida hazikubali mgeuko huo kwa urahisi, kwa hiyo anayeitupa namba ya Einstein kwa sababu haina maelezo anachukua mahali pake kitu kigumu zaidi kueleza.

Darubini ya Rubin nchini Chile itapima supanova za karibu na za mbali kwa kamera ile ile. Ikiwa na hapo orodha moja itavuka sigma 5, nitakuwa tayari kuiacha namba thabiti.