Ukibadilisha cheni peke yake, hujatengeneza moteri

Toyota IST au Probox ikianza kugonga asubuhi, mafundi wengi hapa Goma husikiliza kidogo kisha hukata hukumu: shene imechoka, yaani cheni inayounganisha krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na kemu (mhimili unaofungua vali). Pengine ni kweli, ila sikio peke yake halitoshi kufungua moteri ya mtu.

Mlio wa sekunde mbili tatu baada ya kuwasha mara nyingi hutoka kwenye kikazio, kifaa kinachokaza cheni. Mafuta ya moteri yameteremka usiku, na pistoni yake ndogo bado haijapata msukumo. Pima kwanza kiasi cha mafuta. Mlio unaoendelea hata moteri ikishapata moto ndio wa kuogopa. Hapo unganisha kompyuta isome misimbo ya hitilafu. P0011 inaweza kuletwa na vali ya mafuta ya VVT-i (mfumo unaobadilisha muda wa kufunguka kwa vali) iliyojaa uchafu, basi isafishe kabla ya lolote. P0016, sensa na nyaya zake zikiwa nzima, inaonyesha krenki na kemu hazikubaliani tena. Mara nyingi cheni imerefuka au imeruka jino. Ukizungusha krenki kwa mkono kukagua alama, fuata mwelekeo wake wa kawaida tu. Kuirudisha nyuma kunalegeza cheni, nayo inaweza kuruka. Kwenye 1NZ-FE, moteri ya mengi ya magari hayo, vali zinaweza kugonga pistoni.

Kosa linaloniudhi ni kununua cheni mpya na kuacha vingine. Meno ya gia yaliyolika na kupinda kama ndoano yataila cheni mpya haraka. Nunua seti: cheni, gia, kikazio, reli zote mbili za plastiki, na sili ya mbele ya krenki.

Halafu teremsha sampu, bakuli la mafuta lililo chini ya moteri. Reli ikivunjika, vipande vyake huanguka chini na kuziba chujio la pampu ya mafuta. Ukifunga bila kulisafisha, presha inashuka, kikazio kinalegea, na beringi za krenki zinaungua wakati mwenye gari anafurahia moteri iliyonyamaza. Silikoni nayo ipakwe mstari mwembamba, kwa sababu ile inayobanwa kuingia ndani huishia kwenye chujio hilo hilo.

Panga viungo vya rangi vya cheni na alama za gia, chomoa pini ya kikazio, kisha zungusha krenki kwa mkono mizunguko 2 kamili. Alama za gia lazima zirudi mahali pake. Viungo vya rangi havitarudi, na hilo si kosa. Wapo wanaofungua kazi nzuri upya kwa hofu hiyo.

Kabla ya kuwasha, toa fyuzi ya pampu ya petroli, piga stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya mafuta izimike. Mafuta ni lita 3.7 pamoja na filta mpya, na 5W-30 inafaa.

Kuhusu kilomita, dashibodi ya gari la Goma inadanganya. Gari linatambaa kwa gia ya kwanza na ya pili juu ya mawe ya lava. Moteri inafanya kazi saa nyingi kwa kilomita chache. Filta ya hewa ikichanika, vumbi la mawe hayo ya volkano linaingia hadi kwenye mafuta na kusaga pini za cheni. Kwa teksi ya hapa, kilomita 5,000 kabla ya kubadilisha mafuta ni nyingi mno. Mimi ningemwaga kwenye 3,000.